Henricus yupi? Wafalme wa jina moja na ugomvi wa pete na fimbo

Kuna jina moja ambalo huwasumbua sana wanaosoma Historia ya Kanisa, nalo ni Henricus. Hati za Kilatini hazijali mtu katoka wapi: mfalme wa Wajerumani ni Henricus, wa Waingereza ni Henricus, wa Wafaransa ni Henricus, na wa Wareno vilevile. Tukiingia katika Kiswahili wote huwa Henri au Henriko, na mambo yanazidi kuchanganyika. Yupo mmoja aliyetangazwa mtakatifu. Yupo aliyetengwa na Kanisa. Yupo aliyekubali kuchapwa na wamonaki mbele ya kaburi, na yupo aliyemkata kichwa kardinali. Si ajabu basi katika karatasi za mtihani Henry VIII wa Uingereza akapelekwa Canossa kusimama kwenye theluji, miaka zaidi ya mia nne kabla hajazaliwa!

Tungependa kuwatenganisha wafalme hawa. Lakini kuna faida pia ya kuwaweka pamoja kwanza, kwa sababu kwa zaidi ya karne tano wengi wao waligombana na Kanisa juu ya jambo lile lile: nani mwenye haki ya kumteua askofu na kumkabidhi pete na fimbo yake ya kichungaji. Waamini waliowahi kuhudhuria Misa ya kumweka wakfu askofu wameona vitu hivyo akikabidhiwa na askofu mwenzake. Pete ni alama ya uaminifu wake kwa Kanisa, bibi arusi wa Kristo; fimbo ni alama ya kazi ya mchungaji. Kwamba anayevitoa ni askofu, wala si mkuu wa nchi, ni jambo lililogharimu vita, uhamisho na damu.

Kwanza tuweke sawa hesabu. Kila ufalme huhesabu wafalme wake wenyewe, ndiyo maana kuna Henriko II watatu tofauti: Mjerumani (1002–1024), Mwingereza (1154–1189) na Mfaransa (1547–1559), yule aliyekufa kwa jeraha la mkuki alilolipata katika michezo ya kupigana juu ya farasi. Henriko IV wako wanne tukimhesabu yule wa Castilla, ambaye dada yake kwa baba alikuwa Malkia Isabela. Wajerumani nao wana ugumu wao: Heinrich I alikuwa mfalme tu, hakuvikwa taji la kaisari, hivyo Heinrich II ni wa pili kama mfalme na wa kwanza kama kaisari. Na Uingereza kulikuwa na Henry aliyepakwa mafuta na kuvikwa taji ambaye hana namba kabisa. Tutamkuta mbele.

Njia rahisi ni kuliandika jina kama linavyoandikwa kwao: Heinrich kwa Mjerumani, Henry kwa Mwingereza, Henri kwa Mfaransa, Henrique kwa Mreno. Ndivyo tutakavyofanya hapa.

Heinrich II ndiye mtakatifu wetu wa tarehe 13 Julai, siku aliyofariki mwaka 1024. Alikuwa mtawala wa Bavaria, akawa mfalme mwaka 1002, na Februari 1014 Papa Benedikto VIII akamvika taji la kaisari mjini Roma. Mwaka 1007 alianzisha jimbo la Bamberg, akalipa mali zake nyingi kwa kuwa yeye na mkewe Kunegunda hawakuwa na watoto. Wote wawili wamezikwa katika kanisa kuu la huko. Papa Eugeni III alimtangaza mtakatifu mwaka 1146, na Kunegunda alitangazwa mwaka 1200. Kuna jambo dogo ambalo kwaya zetu zingefurahi kulijua. Abate Berno wa Reichenau ameandika kwamba Heinrich, alipofika Roma, alishangaa kukuta Nasadiki haiimbwi katika Misa kama ilivyokuwa desturi kwao, akamwomba Papa, na Papa akakubali.

Hata hivyo, Heinrich huyu mtakatifu aliwateua maaskofu mwenyewe na kuwakabidhi fimbo kwa mkono wake. Hakuona ubaya, na maaskofu wengi wa wakati wake hawakuona pia. Tukilisahau hili hatuwezi kuuelewa ugomvi uliofuata. Askofu wa Ujerumani katika karne ya 11 hakuwa na kanisa kuu peke yake. Alikuwa na mashamba, masoko, mahakama na askari. Mfalme alimpa vyote hivyo kwa kuwa askofu hakuwa na mtoto wa kurithi. Akifa, mali hurudi mkononi mwa mfalme, naye humpa mwingine anayemwamini. Kwa mfalme, kumteua askofu kulikuwa sawa na kumteua mkuu wa mkoa. Akiwa mfalme mcha Mungu kama Heinrich II, alichagua wachungaji wema. Akiwa mwingine, alichagua rafiki zake, au aliyelipa zaidi.

Heinrich III naye alikuwa mtu wa dini na adui wa usimoni, yaani kununua na kuuza vyeo vya Kanisa. Mwaka 1046 alikuta Roma kuna watu watatu wanaodai kiti cha Petro. Katika sinodi ya Sutri na kule Roma wote watatu waliondolewa, na mahali pao akawekwa askofu wa Bamberg, aliyejiita Klementi II. Miaka michache baadaye aliyetoka mkononi mwa mfalme huyo huyo ni Papa Leo IX, mtakatifu na mrekebishaji mkubwa, ingawa Leo alikataa kukiri kuwa ni Papa mpaka wakleri na watu wa Roma wamchague wenyewe. Basi mapapa walioanza kulisafisha Kanisa waliletwa na mfalme, nao ndio waliolifundisha Kanisa kwamba mfalme hana haki hiyo. Heinrich III alipofariki mwaka 1056 mwanawe hajatimiza miaka sita. Mwaka 1059 Papa Nikola II aliamua kwamba Papa achaguliwe na makardinali.

Huyo mtoto ndiye Heinrich IV, yule wa Canossa. Papa Gregori VII, aliyekuwa mmonaki Hildebrando, alikataza walei kuwakabidhi maaskofu majimbo yao. Heinrich aliendelea kuweka watu wake, hasa Milano. Januari 1076 maaskofu wa Ujerumani walikutana Worms pamoja na mfalme, wakatangaza kuwa hawamtii tena Gregori. Mwezi uliofuata Gregori alimtenga Heinrich na Kanisa na kuwafungua raia wake kutoka katika kiapo chao cha utii. Wakuu wa Ujerumani, ambao walikuwa na madeni yao ya zamani na mfalme, walimpa muda: asipoondolewa adhabu, hawatamtambua.

Heinrich alivuka milima ya Alpi wakati wa baridi kali, pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Papa alikuwa safarini kwenda Ujerumani kuhukumu shauri hilo. Aliposikia mfalme anakuja aliingia katika ngome ya Canossa, mali ya Matilda wa Toscana. Kwa siku tatu, mwishoni mwa Januari 1077, Heinrich alisimama nje ya lango amevaa vazi la mtubu, miguu bila viatu. Ndani walikuwamo Matilda na Hugo, abate wa Cluny, ambaye alikuwa baba wa ubatizo wa mfalme, nao wakamwombea.

Hapa tungependa waseminari wasimame kidogo. Kama mwanasiasa, Gregori alikuwa na kila sababu ya kukataa. Akimwondolea adhabu anawaacha njia panda wakuu wa Ujerumani waliomtegemea, na anampa adui yake nafasi ya kupumua. Lakini Gregori alikuwa padre, na mbele yake alisimama mtu anayeomba msamaha. Hakuwa na kipimo cha kuuona moyo wake. Alimwondolea. Vitabu vingi husimulia Canossa kama ushindi wa Papa juu ya mfalme. Sisi tunaona mshindi wa siku ile kisiasa alikuwa Heinrich, na kwamba Gregori alilijua hilo alipofungua lango. Yaliyofuata yanathibitisha. Mwaka 1080 Heinrich alitengwa tena, lakini safari hii alikuwa na nguvu, akamweka Papa wake asiye halali, akaiteka Roma mwaka 1084. Gregori alifia Salerno tarehe 25 Mei 1085, mbali na kiti chake. Naye Heinrich aliangushwa na mwanawe wa kumzaa, akafa mwaka 1106 akiwa bado ametengwa, na mwili wake ukakaa miaka mitano Speyer katika kikanisa kisichobarikiwa kabla ya kuzikwa pamoja na wazee wake.

Huyo mwana ni Heinrich V. Kisa chake hakijulikani sana kama cha Canossa, na pengine kina mafundisho zaidi. Mwaka 1111 alikuja Roma kuvikwa taji. Papa Paskali II, mmonaki mwingine, alipendekeza suluhisho ambalo hakuna aliyelitarajia: maaskofu warudishe kwa mfalme ardhi, miji, mahakama na haki zote walizopewa na dola, waishi kwa zaka na sadaka, na mfalme aachane kabisa na kuwateua. Heinrich alikubali, kwa sharti kwamba maaskofu wenyewe wakubali. Tarehe 12 Februari hati ilisomwa katika Basilika la Mtakatifu Petro. Maaskofu na wakuu walipiga kelele kwa hasira, ibada ikavunjika, na mfalme akamkamata Papa na makardinali. Baada ya takriban miezi miwili kifungoni Paskali alimpa haki ya pete na fimbo, ahadi ambayo Kanisa liliifuta baadaye.

Siku ile ndani ya Basilika uhuru wa Kanisa ulikuwa umewekwa mezani, na bei yake ilikuwa umaskini. Si mfalme peke yake aliyeukataa.

Suluhu ilipatikana Worms tarehe 23 Septemba 1122, kati ya Heinrich V na Papa Kalisti II. Mfalme aliacha pete na fimbo, akakubali askofu achaguliwe kwa taratibu za Kanisa na kuwekwa wakfu kwa uhuru. Papa alikubali kwamba uchaguzi huko Ujerumani ufanyike mbele ya mfalme, bila hongo wala mabavu, na kwamba mteule apokee ardhi na madaraka ya kidunia kutoka kwa mfalme kwa alama ya fimbo ya enzi. Mtaguso wa Kwanza wa Laterano ulithibitisha mwaka 1123. Watu walikuwa wamejifunza kutofautisha vitu viwili vilivyokuwa vimefungwa pamoja: uchungaji, na mali inayoambatana nao.

Ni haki kusema kwamba Uingereza ilitangulia kufika hapo. Mtakatifu Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury, baada ya kwenda uhamishoni, alipatana na Mfalme Henry I mwaka 1107: mfalme aliacha pete na fimbo, akabaki na kiapo cha utii kwa ajili ya ardhi. Henry II, mjukuu wa mfalme huyo, ndiye aliyeuchokonoa moto upya.

Henry II alimweka kansela wake na rafiki yake, Thomas Becket, kuwa askofu mkuu wa Canterbury mwaka 1162, akidhani amejipatia mtu wake. Miaka miwili baadaye, huko Clarendon, mfalme alidai mambo kadhaa: uchaguzi wa maaskofu ufanyike katika kikanisa chake, mapato ya jimbo lisilo na askofu yaingie kwake, na hakuna kukata rufaa Roma bila ruhusa yake. Alidai pia kwamba kleri aliyepatikana na hatia katika mahakama ya Kanisa avuliwe hadhi yake na kukabidhiwa kwa mahakama ya mfalme aadhibiwe kama raia mwingine. Thomas alikataa, akakimbilia Ufaransa kwa miaka sita.

Juu ya dai hilo la mwisho tuwe wakweli. Mfalme alikuwa na hoja. Kulikuwa na makleri waliofanya makosa makubwa wakapewa adhabu nyepesi. Leo Kanisa lenyewe, katika hati kama Vos estis lux mundi ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, halimzuii mtu kuheshimu sheria za nchi zinazodai makosa ya namna hiyo yaripotiwe serikalini. Kumheshimu Mtakatifu Thomas hakutulazimishi kusema kila alichokitetea ndivyo kinavyotakiwa kuwa milele. Alikufa kwa ajili ya uhuru wa Kanisa mbele ya mfalme aliyetaka yote kwa pamoja.

Na hapa ndipo anapoingia yule Henry asiye na namba. Mwezi Juni 1170 mfalme aliamuru mwanawe, Henry pia, avikwe taji baba akiwa bado hai. Kuvika taji ilikuwa haki ya Canterbury, lakini kazi ilifanywa na askofu mkuu wa York. Thomas aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, aliwaadhibu maaskofu waliohusika. Mfalme alikasirika, na maaskari wanne wa kiungwana waliosikia hasira yake walivuka bahari. Tarehe 29 Desemba 1170 walimuua Thomas ndani ya kanisa lake kuu. Papa Aleksanda III alimtangaza mtakatifu mwaka 1173. Julai 1174 Henry II alitembea bila viatu hadi kaburini pake na wamonaki wakamchapa. Henry kijana alikufa mwaka 1183, kabla ya baba yake, ndiyo maana historia haikumpa namba.

Henry VIII tutamsema kwa kifupi kwa kuwa anajulikana. Wengi hukumbuka wake sita tu. Mwaka 1521 aliandika kitabu cha kutetea Sakramenti saba dhidi ya Luther, na Papa Leo X akampa cheo cha Mtetezi wa Imani; herufi F.D. za cheo hicho zimo hadi leo kwenye sarafu za Uingereza. Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria kwamba jimbo likiwa wazi, mfalme hupeleka barua yenye jina, na makanoni wa kanisa kuu humchagua huyo huyo. Askofu Yohane Fisher wa Rochester, ambaye Papa alikuwa ametoka tu kumfanya kardinali, alikatwa kichwa tarehe 22 Juni 1535. Thomas More, mlei, mwanasheria na baba wa familia, tarehe 6 Julai. Miaka mitatu baadaye Henry aliamuru kaburi la Thomas Becket libomolewe na jina lake lifutwe katika vitabu vya ibada. Alijua vizuri kabisa Henry II alikuwa amepiga magoti mbele ya nini.

Ufaransa hali ilikuwa tofauti. Huko Roma yenyewe, kwa mkataba wa mwaka 1516, ilimpa mfalme haki ya kupendekeza majina ya maaskofu, Papa akithibitisha. Kwa hiyo Henri IV, aliyekuwa Mprotestanti, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1593 na kuondolewa adhabu na Papa Klementi VIII mwaka 1595, alipendekeza maaskofu Wakatoliki bila ugomvi. Alikuwa amebaki mmoja katika vita ambavyo Wafaransa huviita vya Henri watatu: Henri wa Guise aliuawa Desemba 1588 kwa amri ya Mfalme Henri III, naye Henri III akauawa kwa kisu na mtawa Mdominiko Agosti 1589. Henri IV pia aliuawa kwa kisu, mwaka 1610.

Ureno alikuwapo Henrique aliyekuwa mfalme na kardinali kwa wakati mmoja. Mpwa wa ukoo wake, Mfalme Sebastião, aliuawa vitani Moroko mwaka 1578 bila mtoto, na mrithi aliyebaki alikuwa kardinali huyu mzee. Aliomba Roma imruhusu aoe ili ufalme upate mrithi. Papa Gregori XIII hakutoa ruhusa. Henrique alifariki Januari 1580, Ureno ikaingia mikononi mwa Felipe II wa Hispania, na ni chini ya mfalme huyo Mhispania Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Christus Dominus, uliziomba serikali zilizokuwa bado na haki ya kuteua maaskofu ziiache kwa hiari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 377, inasema Papa huwateua maaskofu kwa uhuru, au huwathibitisha waliochaguliwa kihalali, na kwamba haki hizo hazitatolewa tena kwa serikali. Zimebaki sehemu mbili Ufaransa, majimbo ya Strasbourg na Metz. Maeneo hayo yalikuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, Ufaransa ilipotenganisha dini na dola, hivyo mkataba wa Napoleon wa mwaka 1801 haukufutwa huko. Hadi leo jina la askofu mpya wa Strasbourg hutiwa saini na rais wa Jamhuri pia. Pete na fimbo anavipokea kanisani, kutoka kwa askofu anayemweka wakfu.